Neno Nililolisema Kikaoni

Dada yangu uliye Ziba,

Shikamoo. Simu yangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana naandika wazi, asome atakayesoma. Nilikukosea mbele ya watu.

Unalikumbuka daftari letu la Kiingereza, lile tulilolificha chini ya godoro? Kila siku neno moja, na sharti lako: sentensi iwe ya kweli. Ikiwa ya uongo unaipiga mstari. Siku niliyoandika kwamba mimi ni jasiri ulicheka mpaka ukakaa chini. "Wewe? Unayejificha wageni wakibisha hodi?"

Neno *disapprove* lilitufikia tukipepeta mchele. Kamusi ilisema ni kuliona jambo si jema, kutoliridhia. Ukasema haitoshi. Si neno la hasira, wala si kuzomea. Ni la mtu anayesikilizwa, mzazi au mzee wa kikao. Analisema taratibu tu, na jambo la watu linakufa. "Kwa hiyo uwe na sababu, mdogo wangu." Sikupata sentensi siku ile. Nikaacha nafasi.

Kisha ikaja barua ya posa yako. Miwani ya baba ilikuwa imevunjika, nikaitwa niisome mbele ya baba mkubwa na shangazi. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Nilipomaliza, baba mkubwa akanitania: na wewe msomi, huyu shemeji unamwonaje? Unanijua, nikitazamwa Kiswahili kinanikimbia. Nikajificha kwenye Kiingereza.

"I disapprove."

Wakacheka, wakataka tafsiri. Nikasema simridhii. Kicheko kikaisha. Baba, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatafuta pa kushikia ili akatae, akasema, "Mnaona? Hata mdogo wake hamtaki."

Wewe hukuhitaji tafsiri. Niliona pazia likitikisika.

Hakuna aliyeniuliza sababu, na juu ya huyo mchumba wako sikuwa nayo. Kosa lake silijui hata moja. Nilikuwa nimekiona tu akilini chumba chetu bila wewe, basi. Na sasa umeolewa bila baraka ya baba, jina lako halitajwi tukila, na chumba ni kile kile nilichokiogopa. Chandarua nakichomeka pande zote mwenyewe. Bado nalala ukutani, upande wako naupita tu.

Jana nilimwambia baba yote haya akiwa kwenye cherehani. Gurudumu likasimama. Nilipomaliza, akaendelea kushona. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

Leo nimejaza ile nafasi kwenye daftari, kwa Kiswahili, nisipate pa kujificha: *Sikumkataa yeye, niliogopa kulala peke yangu.* Ukiona uongo humo, njoo uipige mstari.

Mdogo wako,
wa upande wa ukutani