Jagi la Kioo, Jagi la Chuma

4 Machi

Kwa wifi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wanao wote wazima. Mimi mzima. Zile hofu na mashaka ambazo mtu huweka juu ya anayemwandikia, safari hii nimeziweka zote juu ya mama yangu, kwa hiyo utanisamehe, zako zimekwisha.

Naandika kwa sababu simu yangu umeizuia, na kaka naye anasema amechoka kubeba maneno kati ya dada yake na mke wake. Sawa. Barua angalau haikatwi katikati ya sentensi.

Nimesikia Mama aliungua mguu kwa kahawa. Sikusikia kwako. Hata kaka hakuniambia mpaka kidonda kilipoanza kukauka, ndipo likamponyoka akiwa anazungumza habari za mvua. Yaani mama yangu mzazi anamwagikiwa na sufuria ya moto, mimi naambiwa baada ya mvua.

Sufuria hiyo basi tena. Mama anahitaji mashine ya kahawa, ile ya kudondosha. Unatia maji kwenye tangi la nyuma, unaweka kahawa kwenye chujio, unawasha, inadondoka yenyewe ndani ya jagi. Hii ndiyo kazi yangu, unajua. Kila asubuhi nawanywesha kahawa wageni wa hoteli nzima, na hizo mashine nimezifungua na kuzifunga mpaka nazijua matumbo. Kwa hiyo nitachagua mimi. Iwe na jagi la chuma linalotunza joto kama chupa ya chai. Iwe inajizima yenyewe. Na iwe na saa ya kuitegea, ili Mama akiamka akute kahawa tayari, asiguse moto kabisa.

Akiungua tena sitaandika barua. Nitakuja kumchukua akae kwangu.

Wifi yako,
dada wa mumeo

15 Machi

Wifi,

Salamu zimefika pamoja na miiba yake. Huku hatujambo. Mama hajambo, mguu umepona, anatembea, anagombana na paka wa jirani kama kawaida. Wewe hujambo? Nakuuliza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Simu niliizuia siku ile uliponiita mlinzi aliyelala kazini. Sikuwa nimelala. Nilikuwa chumba cha pili nashona sare za shule, cherehani inakwenda, na Mama akainua sufuria peke yake kama anavyofanya kila siku tangu kabla sijaolewa humu. Mikono inamtetemeka sasa. Nimeshamwambia mara nyingi, Mama, niite nikumiminie. Yeye hunijibu, "Nikikuita, wewe ndiye utakuwa umepika." Ndivyo alivyo. Ni mama yako, unamjua, au ulikuwa unamjua.

Na sikukuambia kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza. Alisema, "Huyo ukimwambia atakuja na gari."

Mashine nakubali. Ila kuchagua ni kwa anayekaa naye. Nimeshakwenda dukani, nimesimama mbele ya rafu mpaka muuzaji akanionea huruma akaniletea kiti. Nimechukua yenye jagi la kioo. Ni jepesi, na Mama ataona kahawa imefika wapi, maana macho yake mazima, tatizo ni mikono tu. Ina swichi moja ya kubonyeza, ukiibonyeza inalia, unajua imewaka. Haina saa, haina vitufe vya kuchezea. Ni ndogo, inatosha watu wa humu ndani. Sisi si hoteli.

Hiyo yako usiitume. Kaa nayo mwenyewe, ingawa sijui utamtengenezea nani kahawa, mtu unayeamka peke yako.

Wifi yako,
mke wa kaka yako, upende usipende

22 Machi

Wifi,

Natumaini mko salama. Mimi niko salama. Sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara moja, imenitosha.

Jagi la kioo. Umesimama dukani mpaka ukahurumiwa, halafu ukachagua kioo kwa mtu anayetetemeka mikono. Tena hilo jagi linakaa juu ya kibao cha moto, na kibao hakijui kwamba kahawa imeshaiva. Kinaendelea kuipika. Muda si mrefu inakuwa chungu, inanuka kuungua, na ndicho utakachomnywesha mama yangu. Hotelini majagi ya kioo tuliyaondoa yote, yalikuwa yanavunjikia mikononi mwa watu wenye nguvu zao, sembuse Mama.

Mashine yangu imeshaondoka na basi la mizigo. Kaka ataipokea stendi. Hiyo yako irudishe dukani, na umshukuru muuzaji kwa kiti.

Unaniambia haki ya kuchagua ni ya anayekaa naye. Kabla hujaletwa humo na sanduku lako, aliyekaa naye alikuwa nani? Kikombe cha kwanza cha kahawa yake nilikuwa nanywa mimi, kaka akiwa bado anakoroma. Leo nikipiga simu nisalimiane naye, haipiti dakika sijasikia mkwe wangu kafanya hivi, mkwe wangu kashona vile. Mimi ninayemlipia dawa ananiuliza hali ya hewa.

Wifi yako,
mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo

9 Aprili

Wifi,

U hali gani? Sisi hatujambo, ila nyumba imepooza. Soma mpaka mwisho kwanza, ili ukasirike mara moja tu.

Mashine yako ilifika, nzuri, inang'aa. Kaka yako akaitegea jioni. Asubuhi Mama akaenda jikoni, akakuta kahawa imeshapikwa. Akaniuliza nani kaipika. Nikamwambia hakuna mtu, Mama, ni saa. Akalitazama jagi kwa muda. Akataka kuliinua kwa mikono yote miwili, halikutoka lilipo, maana hilo likijaa ni zito hata kwangu. Akaketi. Nikammiminia, akanishukuru kama mgeni aliyekuja kuposa, na kikombe akakiacha kimejaa. Kesho yake vile vile. Siku iliyofuata hakutoka chumbani. Nilimkuta amelala macho wazi. Nikamuuliza, Mama, unaumwa? Akasema, "Siumwi. Sasa niamkie nini?"

Nikairudisha mashine yako ndani ya boksi, nikaitoa yangu. Akaamka. Swichi akaipenda, akaibonyeza mara kadhaa kwa raha zake.

Lakini sitakuficha, ya kwangu nayo ilileta mambo. Kahawa aliimimina kwenye tangi, pamoja na maji. Kwake yeye kahawa huchemka na maji yake, halafu huchujwa, na lile chujio la juu alidhani kazi yake ni ile ile ya kitambaa chake cha kuchujia. Mashine ikakohoa, ikaziba. Nimeshinda na sindano ya cherehani nachokonoa unga kwenye vitundu. Nilipomweleza upya, akaniambia, "Yaani maji yapite juu ya kahawa yaende zake, kama watu wasiosalimiana?" Sasa anaiweka mahali pake, ila nikimpa mgongo anarudia ya zamani.

Taratibu atazoea. Ninachokuomba ni utupe muda.

Wifi yako,
mama wa wajukuu zake

17 Aprili

Wifi,

Salamu tuziache, sote tunajua hazitoki moyoni.

Mama yangu anakuuliza aamkie nini, na wewe unaniandikia kwa mwandiko mzuri, halafu unaruka kwenda kwenye habari za swichi. Mashine ya umeme imezibwa, imechokonolewa na sindano, imerudishwa mezani mbele ya mtu wa umri ule. Unangoja nini, shoti? Ukiniomba muda mimi naona unaniomba ajali nyingine.

Nakuja Jumamosi. Nimeshamwambia kaka, amekubali. Chumba nimekisafisha, kitanda nimemnunulia kipya, dirisha linaangalia barabara, hatachoka kutazama. Mashine yangu uifunge vizuri nije niichukue, maana kwangu itatumika.

Nakuambia wazi, wifi. Umemchukua mama yangu kidogo kidogo, kwa vitambaa vya kuchujia unavyomshonea na kwa upole wako. Nimevumilia. Jumamosi nakuja kuchukua kilicho changu.

Dada wa mumeo

20 Aprili

Wifi,

Njoo. Kaka yako amekubali, ndiyo, yeye hukubaliana na yeyote aliyesema naye mwisho, na mwisho ulikuwa wewe.

Mizigo yake nimeifunga. Nguo zake zote nimezifanyia pindo jipya, usije ukasema nilimtoa hovyo. Mashine yako iko mlangoni.

Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa mdogo, nikaja humu sijui hata kukuna nazi, akanifundisha bila kunisema mbele ya watu. Wewe uliondoka kwa miguu yako kwenda kutafuta maisha, na hakuna aliyekufukuza. Hivyo vyote haviniruhusu kumzuia. Lakini usiniambie nilimchukua. Nilimkuta.

Ukifika sitakuwa sebuleni. Nitakuwa na kazi zangu.

Mke wa kaka yako

2 Juni

Wifi,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mama mzima, anawasalimu, anauliza kama mtoto mdogo ameota meno.

Nimechukua muda kuandika. Kazini natoka kabla hajaamka. Mashine naitegea, na nikirudi alasiri nakuta jagi tupu na kikombe kimeoshwa. Nilifurahi. Nilitangaza jikoni hotelini kwamba mama yangu anakunywa jagi zima, na kwamba kuna watu walisema hataiweza. Uliyesemwa ni wewe.

Wiki iliyopita nilipewa mapumziko. Sikumwambia, nililala zaidi. Nikamsikia jikoni, nikachungulia. Alikuwa amelisogeza jagi mpaka ukingoni mwa sinki, kwa kulisukuma na kiwiko kwa sababu hawezi kuliinua, akaliinamisha, akamwaga kahawa yote. Akafungulia bomba muda mrefu lisibaki doa. Akachukua kikombe kisafi, akakiosha, akakiweka pale pa kukaushia kama vile kimetumika. Kisha akaenda kukaa dirishani, mikono mapajani.

Nilirudi kitandani, sikutoka mpaka nilipoona aibu ya kulala. Nikatoka, akaniambia, "Kahawa yako leo nzuri sana, mwanangu."

Siwezi kuendelea hivi. Njoo umchukue. Nimeshindwa, na ninakuandikia wewe, kwa hiyo unajua nimeshindwa kiasi gani. Ufunguo nimeuacha kwa fundi viatu aliye chini ya ngazi. Njoo mchana nikiwa kazini, sitaki kuona akifurahi kuondoka.

Wifi yako

16 Juni

Wifi,

Natumaini u mzima. Mimi nimefika salama, watoto wazima, mdogo ana meno mawili.

Umeshaona kwamba nilikuja na nikaondoka peke yangu, na huenda unasubiri kusikia nimepanga nini tena. Sikupanga kitu. Nilikuja na mashine yangu mapajani njia nzima, nikidhani Mama akiiona atajua nampenda, halafu nitarudi naye. Begi lake nilikuwa nimeshalifunga. Nikamweleza kwamba umemwona akimwaga kahawa na kwamba wewe mwenyewe umeniita nimchukue.

Akakaa kitandani. Akasema, "Kumbe ameona." Halafu akaniambia nifungue begi.

Nilidhani hajanielewa, nikarudia. Akanijibu, "Wewe una mume na watoto, nyumba yako inakuamsha kwa kelele. Huyu anaamka gizani, anavaa, anatoka, hakuna hata wa kumuuliza umelalaje. Nilikuwa namwaga ili asijue siinywi. Sasa amejua, na nikiondoka leo ataamini nilikuwa nangoja kuondoka. Mtoto wangu huyo. Wewe utanililia, lakini utanililia ukiwa na watu."

Nilimbembeleza, wifi. Nilimwambia jiko lake liko pale pale na mimi ndiye ninayeamka sasa sijui niamkie nini. Nilisema mambo ambayo mtu hamwambii mama mkwe. Akanifuta uso kwa mkono wake huo unaotetemeka, akaniambia niwahi basi.

Alinikataza nisikuambie. Nakuambia kwa sababu nimekasirika, na sioni kwa nini upewe kitu kikubwa hivyo bila kujua kwamba umepewa. Umenishinda ukiwa kazini, ukiwa umeshainua mikono. Nakuchukia kwa hilo, na nitaendelea kwa muda, usije ukapiga simu kunishukuru. Namba yako bado nimeizuia.

Mashine ya kioo nimeiacha mezani kwako. Ya chuma nimeiweka chini ya kitanda chako, ukawaulize wageni wa hoteli kama wanaitaka. Kibao cha moto kitaiunguza kahawa kama ulivyosema, ni kweli, nimeiona, kwa hiyo apike kidogo mnywe ikiisha kudondoka. Akitia kahawa kwenye tangi, zibueni. Sindano nimekuachia.

Nimemwambia aamke saa unayoamka wewe. Amesema atakuwa jikoni ukitoka kuoga. Usimwambie arudi kulala. Usimsahihishe, usimsaidie, na usitazame saa. Atakumiminia, mkono utatetemeka, nyingine itamwagika mezani. Uchelewe kazini. Keti, unywe.

Wifi yako