Sufu ya Mama

Bouchra mdogo wangu, uko wapi?? Pokea simu!

Wifi yangu Ghizlane kaniomba sebule, leo watu wa Meknes wanakuja kumposa binti yake. Nikampa ufunguo, nikaenda zangu hamamu kuoga. Kumbe nyuma huku kapasua magodoro YOTE ya makochi, katoa sufu, kajaza sponji! Sufu kaitupa paani kwenye magunia. Eti inanuka kondoo. Eti Paris siku hizi wanakalia sponji.

Paris! Chini ya dari ya mwerezi iliyochorwa na babu yao, yeye na mume wangu!

Ile sufu ya mama, Bouchra. Kondoo kumi na mmoja wa Idi. Kila mwaka mama anaiosha mtoni, anaianika, anaiweka kwa ajili ya sebule yangu nikiolewa.

Nikameza hasira, wageni walishafika. Mama wa kijana akakaa, akazama. Akabonyeza kochi: "Nyumba ya Fes haina sufu?"

Unajua Ghizlane kajibu nini? Mimi nimesimama pale pale na birika la chai! "Tusamehe mama, wifi yangu alikuja kwetu mikono mitupu. Kwao hawakuwa na kitu."

MIKONO MITUPU!

Nikapanda paani, nikashusha gunia, nikamwaga sufu katikati ya zulia. "Mikono mitupu ndiyo hii?"

Yule mama akachota sufu, akainusa, akaniuliza: "Mama yako ana binti mwingine?"

Ghizlane yuko jikoni analia. Na alie. Sponji yake inafyonza maji vizuri.