Waya wa Shaba Kwenye Valvu Yako

Omondi, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa sababu umenishinda katika ubishi, jambo ambalo hukuwahi kulifanya ulipokuwa hai. Sijazoea.

Miezi minne imepita tangu tukuzike. Mvua imekuja ikaenda, nyasi zimeota juu yako na mbuzi wa jirani wamezila. Akinyi, mkeo, amekonda lakini hajainama. Ile shule ya bweni kwenye barabara ya Homa Bay bado inataka kuni zake kila Jumatatu, kavu na zilizopasuliwa, na mpishi wake bado anagomba kama zamani. Kilichobadilika ni mashine.

Nasema ile mashine yako ya kupasua kuni, uliyoiunda kwa kipande cha reli, silinda ya tipa uliyoikuta kwenye vyuma chakavu vya Isebania, na injini ya kusagia mahindi. Siku uliyoiwasha mara ya kwanza nilicheka hadi nikakaa chini. Ukaniambia, kwa lile jina ulilonipa kwa ajili ya ubishi wangu, "Cheka tu, Wakili. Hii itapasua hata maneno yako." Na ikapasua mikaratusi kama mtu anayevunja muhogo mbichi.

Ulipoondoka, ikaishiwa nguvu. Injini inanguruma, bamba linasukuma gogo hadi kwenye kabari, kabari inaingia kiganja kimoja, halafu basi. Kila gogo, kiganja kimoja. Akinyi alipima kwa mkono wake. Mafuta yanabaki yakilia ndani ya mabomba, sauti nyembamba kama ya mtu anayepiga mluzi huku amefunga meno. Unajua ni nani alikuwa na mluzi wa namna hiyo. Niliusikia na sikusema neno.

Ouma, binamu yetu, alisema. Alisema kanisani, akasema sokoni Rodi, akamwambia hata fundi wa baiskeli: "Marehemu anaizuia." Kwamba hatujafanya keyo nyinyo, kwamba mpaka ukoo ukae siku hiyo ugawe vyuma na vitu vya marehemu, chuma chako hakitatii mkono wa mtu. Na ilipofika zamu ya kusema nani apewe mashine, jibu alikuwa nalo tayari: mwanamume wa ukoo, si mwanamke aliyekuja kwa kuolewa. Hakuhitaji kutaja jina. Alijipangusa koti.

Unanijua. Nilitoka Migori na mkoba wa vitabu na zile spana mbili ulizonipa. Nikamwambia Ouma mbele ya watu kwamba mila ni kitu cha heshima, si shuka la kujifunika mtu mwenye tamaa. Nikaapa kwamba kabla ya Jumamosi ya kugawa vyuma mashine itapasua gogo la ober, mti mgumu kuliko yote pale kwenu, na kwamba itabaki kwa Akinyi ili apate kula na kusomesha. Ouma akanitazama kwa upole, upole ule wake wa kuudhi. "Dada, hicho kitabu chako kinamjua Omondi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa hasira.

Nilianza na mafuta. Nilifungua tangi nikayakuta meupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Nikayamwaga, nikasafisha chujio, nikaweka mapya. Kiganja kimoja. Nikakaza mkanda wa injini. Kiganja kimoja. Nikasoma kwamba huenda sili, zile pete za mpira za pistoni, zimeisha na mafuta yanapita pembeni. Basi nikasukuma pistoni hadi mwisho, nikafungua bomba la upande wa pili, nikamwambia Akinyi avute mkono wa mashine. Kama sili zimekufa, mafuta yangemwagika pale. Halikutoka hata tone. Silinda yako ilikuwa nzima, Omondi. Pampu pia. Hakuna kilichokuwa kibovu, na mashine haikuwa na nguvu.

Siku ya pili, adhuhuri, tulizima injini tukaketi kunywa uji, gogo likiwa limebanwa palepale kwenye kabari. Kulikuwa kimya kabisa, hata kuku walikuwa wamejificha jua. Gogo likaguna. Bamba likarudi nyuma lenyewe, urefu wa kidole, likasimama. Nikamweleza Akinyi kwamba mti ukibanwa husukuma, na kwamba mafuta hupenya polepole kwenye valvu, ni fizikia ya kidato cha pili. Akanisikiliza hadi mwisho. "Sawa, wifi," akasema, akainua kiti chake akakihamishia mlangoni. Sikumcheka. Baada ya muda nilihamisha changu.

Siku ya tatu nilifika kwenye ile valvu ndogo ya usalama, inayorudisha mafuta kwenye tangi nguvu ikizidi. Bolti yake ilikuwa imelegezwa mizunguko mingi. Mtu alikuwa ameipunguza nguvu mashine kwa makusudi, akafunga nati, kisha akaizungushia waya wa shaba ili isiguswe. Waya ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto. Katika ukoo wetu wote kulikuwa na mashoto mmoja tu.

Nikafurahi, nisamehe. Nilifikiri nimeshinda. Sababu ilikuwa hapa, na si mzimu. Nikaukata waya wako kwa koleo. Nikakaza nusu mzunguko, Akinyi akavuta mkono, na kabari ikaingia viganja viwili. Nusu nyingine: gogo la mkaratusi likapasuka katikati kwa mlio uliowafanya watoto wa jirani wapige makofi. Nikamwita Akinyi aweke ober. Alisimama pale ulipomzoesha kusimama, hatua moja kutoka kwenye kabari, mkono kwenye mkono wa mashine. Nikashika spana nikaze mara ya tatu.

Hapo mluzi ukakoma.

Injini ilikuwa inaunguruma na pampu inazunguka, lakini ile sauti nyembamba, iliyolia siku tatu kila injini ilipowaka, ilikatika kama mtu aliyenyamaza ili asikilize. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia mwaka ule nilipokuvunjia baiskeli kwa kukaza kila bolti niliyoiona: "Wakili, kabla hujakaza, uliza aliyelegeza alikuwa na sababu gani."

Nikazima injini. Nikalala chini, nikaingiza kichwa nyuma ya kabari, mahali ulipoichomelea kwenye reli, nikapangusa vumbi kwa kitambaa. Kulikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele, ukipanda kwenye mchomeleo kutoka chini. Na kando yake alama za chaki, mistari midogo iliyolala upande wa kushoto, kila mmoja ukionyesha ufa ulipofika. Ulikuwa unaupima. Ulipunguza nguvu ili chuma kile kisiachie, ukisubiri kupata bamba nene, na siku zote hizo ulikuwa unapasua magogo kwa kumega pembeni, kidogo kidogo, ndiyo maana hakuna aliyejua. Hukutaka kumtisha mkeo. Nakulaumu kwa hilo na nitakulaumu nikifika huko. Ningekaza mara ile ya tatu, kabari ingeng'oka, nayo ingempiga Akinyi kifuani.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijamwandikia mtu mwingine. Mistari ilikuwa minne. Mitatu ya kwanza ilikuwa imechafuka kwa mafuta na vumbi, ya zamani. Wa nne ulikuwa mweupe, na ulikaa hasa kwenye ncha ya ufa, ncha ya siku ile, baada ya kukaza kwangu mara mbili. Nilipoupitishia kidole, chaki ilinibaki kwenye ngozi.

Nimemuuliza Akinyi, anayelala na ufunguo wa kibanda cha mashine. Hajawahi kufika nyuma ya kabari. Nimejiambia kwamba ufa haukusogea tangu uondoke, na kwamba chaki ilikingwa na kivuli cha chuma. Ni hoja nzuri. Nikiwa Migori naiamini.

Jumamosi ukoo ukakaa. Nilisimama, na Ouma akajiandaa kwa vita. Nikasema, "Ouma alisema kweli. Marehemu alikuwa anaizuia." Labda walidhani nimeugua. Nikawapeleka kibandani, nikawaonyesha waya na ufa. Wazee waliinama mmoja mmoja, kofia mkononi. Ouma aliinama mwisho, akakaa huko muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na upole wala kejeli. Aliuliza jambo moja tu: "Nani alikuwa amesimama hapa?" Akinyi akasema, "Mimi." Ouma akajipangusa magoti, akawaambia wazee, "Basi mwenye mashine mmeshaonyeshwa." Yeye alichukua msumeno wako wa chuma, akaondoka bila kunywa chai.

Bamba nene nimelileta mwenyewe kutoka Isebania. Fundi wa kuchomelea ameukata ufa wote, amechomelea upya, na nilimsimamia hadi akaniomba nikae mbali. Juzi Akinyi aliikaza valvu kwa mkono wake, robo mzunguko kwa robo, akisubiri kila mara. Ober ilipasuka taratibu, harufu yake ikajaa kibanda kizima. Jumatatu kuni zilifika shuleni na mpishi akagomba kwamba ni nyingi mno.

Mluzi haujarudi. Sikutegemea kwamba ningeutamani.

Nakuahidi kwamba sitakaza kitu, kiwe bolti au ubishi, kabla ya kuuliza nani alilegeza. Nakuahidi pia kwamba hatutamwacha Akinyi peke yake, mimi na kelele zangu. Waya wako wa shaba niliuokota nikausokota tena kuizunguka valvu. Nilijitahidi kuelekea kushoto; si kazi rahisi kwa anayetumia mkono wa kulia.

Fundi alisaga alama zako zote, chuma sasa kinang'aa. Kwa hiyo nimeacha kipande cha chaki juu ya boriti ya kibanda, nyuma ya kabari, mahali ambapo mkono wa Akinyi haufiki. Pumzika, ndugu yangu. Lakini usilale fofofo.

Dada yako,
Atieno