Nilivyoacha Kushuka Mbele ya Karakana

Nkende,
Tarime.
16 Juni, 2024.

Mpendwa dada Ghati,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kibarazani baada ya ibada, nyumba imetulia. Habari za huko Newala? Goti lako linakuruhusu sasa kusimama darasani, au bado unalibembeleza? Shemeji Ezekiel na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama yuko Nyanungu, analalamikia ndama walioingia kwenye mahindi, na ukimsikia analalamika ujue afya ipo.

Uliniuliza kwenye simu habari za baiskeli, nikakujibu kwa mkato kwa sababu shemeji yako Sylvester alikuwa mezani. Sasa nikueleze vizuri.

Januari nilihamishiwa shule iliyo upande wa pili wa mji, nikanunua baiskeli ya mtumba kule Sirari. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha tukiwa wadogo, tumefunga sketi mapajani, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Kumbe mwanamke wa miaka arobaini na minne juu ya baiskeli ni habari ya mji mzima. Siku ya kwanza tu, bodaboda wa njia panda waliniuliza kama mume wangu ameshindwa hata kunipakia kwenye pikipiki. Madereva walinipigia honi kama wanafukuza mbuzi. Naye Eunice, mwenzangu wa kwaya, aliniambia kwa upole kabisa kwamba mwalimu anapaswa kujiheshimu. Upole ule uliniuma kuliko honi.

Nikaanza kuendesha kama mtu anayeomba radhi. Nilibana ukingoni mwa lami, penye kokoto na mashimo, macho chini, nisimsumbue mtu.

Hayo ningeyavumilia. Lililonivunja moyo ni la Sylvester. Unajua karakana yake ya mbao iko kando ya barabara kuu, na sina njia nyingine. Jioni moja alisema, bila ukali, kwamba wateja wanamtania, basi nikikaribia pale nishuke nisukume hadi nipite. Nikakubali. Wiki sita, dada, nilikuwa nashuka kwenye duka la saruji, nasukuma kama vile imeharibika, nampungia mkono, halafu napanda tena nikishapinda kona. Hata wewe sikukwambia.

Jumanne moja mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka shuleni, mvua imetoka kunyesha. Nilipolikaribia lile duka nilianza kusogea pembeni nishuke. Lori likapiga honi nyuma yangu, nikabana zaidi, gurudumu likatoka nje ya lami, nikaanguka mtaroni pamoja na madaftari ya darasa la tano. Lori halikunigusa, lakini lilipita karibu hata nikasikia upepo wake shingoni.

Bodaboda walicheka, mpaka walipoona damu. Aliyeshuka mtaroni kuniinua ni Marwa, yule aliyekuwa ananitania kuliko wote. Alikusanya madaftari moja moja, akayapangusa matope kwa shati lake.

"Mwalimu, usibane vile," aliniambia. "Dereva akikuona umebana anadhani umempa njia yote. Shika nafasi yako, atapunguza mwendo."

Sylvester alikuwa amefika mbio, vumbi la mbao nywele nzima. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini pembeni kabisa namna ile. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba nilikuwa najiandaa kushuka, kama alivyoniagiza. Aliinua baiskeli, akanyoosha usukani, akanipeleka zahanati. Kiwiko kilishonwa nyuzi nne.

Siku kumi sikuigusa baiskeli. Kisha nikamwambia Sylvester, tukiwa wawili tu, kwamba kesho naipanda, na sitashuka tena mahali popote kwa ajili ya wateja wa mtu.

"Wataongea," alisema.

"Wanaongea tangu Januari," nikamwambia.

Sasa naendesha hatua moja kutoka ukingoni. Nikitaka kukata kona nanyoosha mkono na kumtazama dereva usoni. Honi bado zipo, lakini madereva wanapunguza mwendo, Marwa hakukosea. Pale njia panda nawaamkua wao kabla hawajanianza, kila mmoja kwa jina lake, na mtu aliyeitwa jina huitika kabla hajacheka. Eunice bado anatikisa kichwa. Sitakudanganya, dada, kuna asubuhi bado mikono inanitoka jasho.

Ijumaa nilipita karakana. Sylvester alikuwa nje akipiga randa mlango, mteja amesimama pembeni yake. Nilimsikia yule mteja akiuliza, huku anacheka, yule mama wa baiskeli ni nani. Sylvester hakuinua kichwa kwenye kazi yake.

"Ni mke wangu," alisema. "Anatoka kazini."

Nilinyonga hadi kwenye kona, ndipo nikasimama kidogo nipumue.

Nisalimie shemeji Ezekiel na watoto wote. Mama anasema usichoke kulikanda goti, na mdogo wetu Simioni anakuamkua. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe nguvu za kusimama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Robi