Mashine Inasema Kila Kitu Kiko Sawa

Jumamosi, mchana. Tabata. Joto la kujifunika kanga iliyoloweshwa maji.

Naandika nikiwa nimelala sakafuni, maana ndiyo sehemu pekee yenye ubaridi humu ndani. Nina kiu. Tangu asubuhi nakunywa maji na bado ulimi umenata. Kuna jambo haliko sawa mwilini mwangu na silijui ni lipi, na huko kutolijua kunaniudhi kuliko kiu yenyewe.

Kwa mgeni wa blogu hii: nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa msichana. Mwili wangu hautengenezi insulini, kwa hiyo naivaa. Kiunoni nina pampu, kimashine kidogo kama simu ya batani, kinachonisukumia insulini tone kwa tone kupitia mrija mwembamba mpaka kwenye kanula iliyochomekwa chini ya ngozi. Nalala nayo, nafundisha nayo, nacheza nayo kwenye harusi za watu. Na kila Jumamosi nakimbia nayo.

Kukimbia ndiyo jeuri yangu, sikatai. Watu wakisikia neno kisukari huanza kuongea nami kwa sauti ya msibani. Kwenye klabu yetu ya jogging hakuna upuuzi huo. Pale ni filimbi, nyimbo na fulana za kufanana, na barabara yote ni yetu mpaka jua litoke. Mwenyekiti wetu, Braza Mudi, mpaka leo anaiita pampu yangu "simu" na ananisihi nisiiloweshe jasho.

Leo nilionywa mapema. Nilipima kidole alfajiri, sukari ikasoma kumi na tano, wakati saa hizo huwa haifiki hata nane. Mtu mwenye akili timamu angebaki nyumbani. Mimi nikausingizia wali wa jana, nikaongeza dozi kwenye pampu, nikafunga kamba za viatu.

Tulikuwa na wageni, klabu kutoka Gongo la Mboto, na mwenyeji hawaachi wageni wakimbie peke yao. Tulipoanza kupanda kilima miguu ikawa mizito. Uchovu wa mbio naujua, na huu haukuwa wenyewe. Braza Mudi akarudi nyuma mpaka nilipokuwa.

"Sista, vipi leo? Mbona umepoa hivyo?"

"Niko freshi, braza."

Sikuwa freshi hata kidogo. Nilipofika nyumbani nikapima tena: ishirini na mbili.

Siku zote mbio hizi huishusha sukari yangu. Leo zimeipandisha.

Nimeikagua pampu kila upande. Betri imejaa. Mrija hauna hewa. Dozi zote nilizoagiza, kioo kinaonyesha zimeingia. Nimebadilisha kanula, nimebadilisha mrija, nimejaza insulini kutoka kichupa kingine kabisa. Mashine inasema kila kitu kiko sawa.

Kidole kinakataa.

Mama amepita hapa mara kadhaa kunichungulia. Ni mama mkwe wangu; kwa sasa tumebaki wawili, kwa sababu mume wangu Hamisi ni dereva wa lori na yuko safarini. Mama anauza barafu za ubuyu hapahapa nyumbani, kwa hiyo friji ni himaya yake, na dawa zangu zinaishi mlangoni mwa friji kwa hisani yake. Ameniletea dafu. "Kunywa, mwanangu, urudishe nguvu." Nimeshukuru, nikaliweka pembeni, maana nalo lina sukari yake. Kichefuchefu kimeanza. Nitajaribu kulala kidogo, nikiamka nipime tena.

Sina hakika kama ni busara kulala.

*

Jumapili, jioni. Mawingu, lakini joto ni lilelile.

Sikulala. Nilitapika mpaka nikatapika nyongo. Mama alikuja na ndoo na kitambaa cha maji, akanishika kichwa, akawa ananizungumzisha hili na lile ili nitulie. Katika mazungumzo hayo akasema:

"Na dawa zako nakutunzia, wala usiwe na wasiwasi. Juzi umeme ulivyokatika nikasema, kwa joto hili zitaharibika hizi. Nikazihamishia juu, katikati ya barafu."

Nikainua kichwa. "Ziliganda, mama?"

"Tena sana. Umeme si ulirudi? Asubuhi nikazitoa, nikaziacha ziyeyuke taratibu, nikazirudisha mlangoni. Hakijavunjika hata kichupa kimoja."

Alisema kwa fahari kidogo. Alikuwa ameziokoa.

Insulini ikiganda imekufa. Ukiiyeyusha, kwa macho huoni kilichopungua: ni maji yaleyale maangavu, ndani ya kichupa kilekile. Pampu nayo haijui tofauti. Kazi yake ni kusukuma, haiulizi inasukuma nini. Niliijaza Ijumaa jioni, na tangu hapo ilikuwa ikiniingizia kitu kisicho na faida yoyote, kwa uaminifu mkubwa. Kichupa cha pili nilichofungua kilitoka kwenye barafu hizohizo. Vyote vilitoka huko. Na mimi, nikiwa sina insulini mwilini, nilikuwa nimekwenda kupanda kilima nikiimba.

Sikumwambia Mama neno. Nilimwomba tu aniitie bajaji, twende hospitali.

Ya hospitali siyakumbuki yote. Nakumbuka dripu, na pumzi yangu mwenyewe ilivyokuwa ikinuka kama matunda yaliyoanza kuoza. Nilipopata nafuu, daktari, dada mdogo kuliko mimi, alivuta kiti akakaa. Aliniambia kwamba ningesubiri hadi kesho yake, huenda angekuwa anazungumza na ndugu zangu. Kisha akauliza nani aliigandisha insulini.

Mama alikuwa amekaa palepale, mkoba magotini.

"Mimi mwenyewe, daktari. Niliiweka vibaya."

Nikasemwa. Mwalimu mzima, miaka yote hii na ugonjwa huu, hujui kwamba insulini haigandishwi? Nikaitikia kama mwanafunzi: ndiyo daktari, nimekosa daktari. Ningemwambia nini? Kwamba aliyenifanyia hivi ni huyu mama aliyenishika kichwa? Niliona nimeyamaliza. Nilisahau kwamba Mama naye anasikia.

Nimeruhusiwa leo mchana, nikiwa na insulini mpya. Tulipofika nyumbani Mama hakuvua hata baibui. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akatoa barafu zote, akazimwaga kwenye beseni uani. Watoto wa jirani walipogonga akawaambia barafu hakuna. Kisha akaja akasimama mlangoni mwa chumba changu, hakuingia.

"Ulijisingizia kwa ajili yangu."

"Hukujua, mama."

"Ndiyo hilo ninalolisema. Ningekuua kwa mkono wangu, Mwanaidi, halafu ningekaa mkekani napokea pole za watu. Asingejua mtu. Hata mimi mwenyewe nisingejua."

Amesema kweli tupu. Pampu ingekuwa bado iko kiunoni, kioo kinawaka, dozi zote zimeingia. Watu wangesema kisukari kimemchukua. Wengine wangesema ni kukimbia, si tulimwambia apumzike? Na Mama angelia kuliko wote.

Nimewahi kuandika hapa kwamba ugonjwa huu siuogopi. Leo naogopa. Naogopa jinsi kifo kilivyoingia ndani ya nyumba hii taratibu, kikiwa kimebebwa na mtu anayenipenda.

Tangu turudi Mama hanigusi. Uji ameuweka ukingoni mwa meza na kunisogezea kwa ncha za vidole, kama anayelisha paka asiyemjua. Hilo limeniuma kuliko sindano zote za jana.

Sasa ni saa ya kuvaa kanula mpya. Ngozi ya tumbo imechoka, na mahali pazuri palipobaki ni nyuma, juu ya nyonga, ambapo mkono wangu haufiki vizuri. Hapo hunivalisha Hamisi. Nimemwita Mama. Nimemwelekeza pa kusafisha, pa kubandika, pa kubonyeza. Amenawa mikono, akarudi kunawa tena.

"Na nikikosea tena je?"

Nimeinua fulana, nikageukia ukuta. Nimesikia kanula ikiingia, na kiganja chake kikakandamiza plasta, kikabaki hapohapo kwa muda.

Usiku huu nitapima mara kwa mara. Kuhusu swali lake, nitajua kesho.