Herufi Hamsini za Mwalimu, Zote Kinyume

Jumamosi, mvua.

Imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Huku Gatwekera leo ukitoka nje bila gambuti umejitakia mwenyewe. Mabati yanapiga kelele hadi redio ya jirani haisikiki, na hapo kwa kweli sijapoteza kitu. Nimekaa kitandani, blanketi miguuni, simu mkononi, vidole vyeusi kwa wino hadi ndani ya kucha, na nimefurahi mpaka najiogopa.

Wacha niandike kabla sijapoa.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kuchonga mihuri. Nina kibanda Kawangware, katikati ya fundi wa viatu na mama wa mitumba, na ingawa jina langu ni Nafula, watu huniita Mama Stempu. Pasta akitaka muhuri wa kanisa, chama cha akina mama kikitaka muhuri wa barua, wanakuja kwangu. Sina mashine. Nachora kwenye karatasi, naigeuza uso chini, nasugua mchoro ukae kwenye mpira, halafu nakata na wembe polepole. Siku hizi mjini kuna mashine zinazomaliza hiyo kazi kabla chai haijapoa. Kwa hivyo wanaonijia ni wale wenye subira, na wenye subira Nairobi hawajazi hata kanisa dogo.

Miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja mzee, sari ya pamba, raba za mazoezi miguuni, ameshikwa mkono na binti yake. Nikafikiri wamepotea njia ya sokoni.

"Mimi nataka herufi," akasema. "Si stempu. Herufi kubwa, mtu anaweza shika."

Huyo ndiye Mwalimu Dipali. Sisi hapa kila mwenye sari ni Mhindi na tumemaliza, lakini yeye alinirekebisha siku hiyohiyo: ni Mbengali, lugha yake ni Kibengali, na kabla ya kuolewa na kuletwa Nairobi alikuwa akifundisha sarufi ya hiyo lugha katika shule ya wasichana huko Kolkata. Huku hakuna aliyemhitaji kwa hilo. Akauza vitambaa na mumewe miaka arobaini, na jioni akawa anaandika kitabu chake cha sarufi kwa mkono, kwenye daftari nene la jalada gumu. Mume amefariki. Daftari limejaa. Na sasa macho yanakwisha. La kushoto limeshazima. La kulia linaona vitu vikubwa, karibu na dirisha, na daktari amemwambia asilitegemee kwa muda mrefu.

Rekha, binti yake, ana miaka arobaini na macho mazima kabisa. Ila hajui kusoma Kibengali hata herufi moja. Alizaliwa hapa, shuleni walimcheka kwa namna alivyozungumza, akaamua akiwa mdogo kwamba hiyo lugha ibaki kwa mama. Mama anasema kwa Kibengali, yeye anajibu kwa Kiswahili. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe huko Bungoma nilivishwa kibao shingoni siku nzima kwa kuongea Kibukusu darasani.

Basi ona hiyo hali. Anayejua kusoma haoni. Anayeona hajui kusoma. Na daftari liko mezani katikati yao.

Mpango ulikuwa wa Mwalimu. Nimchongee herufi zote, hamsini, pamoja na vialama vya irabu, kubwa kama kiganja. Rekha ataangalia herufi kwenye daftari, atafute inayofanana nayo, ampe mama aishike. Mama aitamke. Hivyo hivyo mpaka binti ajue. Lakini kwanza zikaguliwe na lile jicho moja likiwa bado lina mwanga, maana katika nyumba hiyo hakuna mwingine wa kusema hii ni sawa na hii si sawa.

Nilienda kwake alasiri mbili, nyumba yao iko ng'ambo ya barabara kutoka Kawangware. Alinichorea kila herufi kwa kalamu nene, pua inagusa karatasi. Mkono ukichoka, anapiga hadithi. Na hadithi zake zote ni za sarufi, haki ya nani! Wengine wana hadithi za sungura.

Aliniambia kwamba sarufi ya kwanza ya lugha yao iliyowahi kupigwa chapa iliandikwa na padri Mreno. Aliiandika kwa Kireno, kwa herufi hizi zetu za abc, ikachapwa Ulaya mbali. Kitabu cha Kibengali kisicho na herufi hata moja ya Kibengali! Halafu akaja Mwingereza wa ile kampuni ya biashara iliyotawala kwao, akaandika nyingine kwa Kiingereza, ili maofisa wajue kuwaamuru watu. Wabengali wenyewe walikuja kuandika baadaye. Na walipoandika wakagombana. Wasomi wakubwa walitaka lugha ivishwe sheria za Kisanskriti, lugha ya kale ya dini, na kila kisichotosha kikatwe. Wengine wakasema hapana, tokeni mkasikilize watu sokoni wanavyosema, hiyo ndiyo sarufi.

"Na wewe uko upande gani?" nikamuuliza.

"Soko," akasema. "Mimi niliuza vitambaa."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi ambaye kila mtu wa Pwani akisikia Kiswahili changu ananisikitikia, nikajiona nina mtetezi kutoka Kolkata.

Nikachonga wiki tatu. Mpira wa soli nilinunua kwa jirani yangu fundi wa viatu, nikaubandika kwenye vipande vya mbao. Herufi zao nyingi zina mstari juu, zinaning'inia hapo kama nguo kwenye kamba. Nilizipenda. Nilikata kila kona kwa upole, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kufanya kazi safi hivyo tangu nishike wembe.

Jumamosi iliyopita nikazipeleka, nimezifunga kwa leso, natembea kifua mbele. Mwalimu akachukua ya kwanza. Akapitisha kidole. Akachukua ya pili, ya tatu. Akaisogeza dirishani, kwenye jicho lake.

"Nafula," akasema taratibu, "hii ni nini?"

Wueh.

Nilikuwa nimezigeuza. Zote. Miaka kumi na minane mkono huu unageuza kila herufi kabla ya kuikata, kwa sababu muhuri ukikatwa sawa unapiga kinyume. Hakuna aliyeniambia nigeuze. Mkono uligeuza wenyewe. Na jicho langu halikuona kosa, kwa sababu kwangu mimi kinyume ndiyo sawa. Herufi za kushikwa, za mama asiyeona, nimezichonga kama muhuri wa chifu!

Mwalimu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alizipanga tu pembeni, moja moja, akauliza nitahitaji muda gani kurudia. Nikasema wiki tatu. Rekha akaangalia chini. Tulijua sote watatu kwamba hilo jicho huenda lisingoje wiki tatu.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nikipita Kambi Muru dada mmoja wa kanisani akanisalimia, "Sasa, mama?" nami nikamjibu "Poa" machozi yakinitoka. Wiki nzima sikuwa mtu. Nilianza herufi mpya, nikawa nakata na kutupa. Nakiri hapa, kwa sababu sijamwambia mtu: Jumatano nilifikiria kutorudi kwao kabisa. Kuzima simu na kujificha kama mtu aliyeiba.

Alhamisi akapiga yeye.

"Njoo Jumamosi. Leta wino. Mwingi."

Sikuelewa, lakini leo nimeenda, mvua yote hii, chupa nne za wino kifuani na herufi sita mpya mfukoni. Nimekuta wamesukuma viti ukutani na kutandaza karatasi za manila meza nzima. Mwalimu akaniambia nikae, hataki pole zangu, ana hadithi.

Ile sarufi ya Mwingereza, akasema, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuchapwa na herufi za Kibengali ndani. Na hizo herufi zilitoka wapi? Wazungu walikuwa na mashine, walikuwa na karatasi, ila kukata chuma kiwe herufi iliyojaa mikunjo hivyo, walihitaji fundi wa pale. Wakampata mhunzi. Watu wa ukoo wake walikuwa wakichora majina kwenye panga na mabamba ya chuma. Akakaa, akakata, herufi baada ya herufi, na baadaye akamfundisha mkwe wake. Kwenye jalada la kitabu jina lake halipo.

"Na yeye alikata vipi?" akaniuliza, kama mwanafunzi darasani.

Halafu nikaanza kucheka, huku nalia, kama mwendawazimu.

"Kinyume," nikasema.

"Kinyume," akasema Mwalimu. "Zote. Weka wino."

Basi tukapiga chapa. Mimi natia wino, Rekha anabandika na kukandamiza kwa viganja, Mwalimu amesimama dirishani na karatasi puani. Nyeusi juu ya nyeupe, kubwa, safi, na sasa zimeelekea zinakotakiwa. Alikagua moja moja. Sawa. Sawa. Hii sawa. Moja akaikataa: haina nukta yake chini, na bila hiyo nukta inakuwa herufi nyingine. Nikakata kipande cha mpira kidogo kama punje ya wimbi, nikabandika hapohapo. Akaangalia tena. Sawa. Jua lenyewe lilichungulia katikati ya mvua dakika chache tu leo, na ni kwenye dakika hizo alizimaliza za mwisho. Hamsini zote zimepita, na vialama vyao.

Lakini karatasi haishikiki. Rekha ndiye aliyeuliza: sasa utajuaje nakupa ipi, jicho likishazima?

Mwalimu akachukua kibao kilichofutwa wino, akakigeuza, akakikandamiza kwenye kiganja chake cha kushoto, kwa nguvu, macho amefumba. Akakitoa. Kwenye ngozi kulikuwa na alama, na ilikuwa imekaa sawasawa.

"Ko," akasema. Hilo ndilo jina la herufi yenyewe. Akachukua nyingine bila kuangalia, akakandamiza. "Go." Nyingine. Hakukosea hata moja. Zikiwa zimechongwa kinyume ndipo zinapoingia mkononi zikiwa sawa. Zile sita mpya nimerudi nazo mfukoni, hakuna anayezihitaji.

Halafu Rekha akafungua daftari. Hakuanza mwanzo, akatafuta ukurasa wenye mistari mifupi, wa mifano ya vitenzi, na akachagua ulio mfupi kuliko yote. Akaangalia herufi, akatafuta mwenzake kwenye manila, akachukua kibao kilichoipiga, akampa mama. Mama akakandamiza, akatamka. Rekha akarudia. Inayofuata. Ilichukua muda mrefu ajabu kwa mstari wa maneno matatu. Sikuthubutu hata kukohoa. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, safari hii peke yake, kidole chini ya wino uliokwaruzwa na mama yake miaka iliyopita:

"Ma, ami eshechhi."

Mama, nimekuja.

Ulikuwa ni mfano wa sarufi tu, wa kuonyesha tendo lililokamilika. Mwalimu aliuandika akifikiria wanafunzi ambao hana. Lakini Rekha hajawahi kumwambia mama yake kitu kwa lugha hiyo tangu akiwa mtoto, na mama akasahau kwamba ni somo. Alijibu kama mtu aliyesikia mlango unafunguliwa. Akanyoosha mikono yote miwili, yenye alama za herufi kila mahali.

"Aay, ma, aay."

Njoo, mama, njoo. Rekha alinitafsiria, lakini nilikuwa nimeshaelewa, maana hata kwetu mama humwita binti yake mama.

Asante, Mungu. Sina lingine la kuongeza hapo.

Mstari wa pili ni mrefu. Wameniambia watauanza kesho.