Moshi Unaopenda Homa Bay

Migori, Alhamisi, Aprili 1996

Mvua imenyesha tangu asubuhi, gereji yangu ni matope matupu, na mimi nacheka peke yangu kama mtu aliyelogwa. Leo nimeaibika mbele ya serikali, na nimefurahi.

Shajara, wewe unanijua. Shule niliachia darasa la sita, lakini injini nimefungua Mombasa, Kampala mpaka Mwanza. Gari likikohoa huko Rongo, mimi niko hapa nakunywa chai na nakutajia plagi iliyokufa. Hivyo ndivyo huwa nawaambia watu. Wengine huamini.

Sasa kuna Min Atieno, yaani mama yake Atieno, anayebeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sori kwa pikapu yake ya petroli. Mwezi huu alipata kazi nzuri ya kupeleka chakula cha wasichana wa bweni kule Asumbi, kila wiki. Sharti ni moja tu: gari lipite ukaguzi Homa Bay kabla ya kesho Ijumaa. Na inspekta wa huko hapendi moshi. Anashika karatasi nyeupe nyuma ya ekzosi, anaamuru ukanyage mafuta, kisha anaitazama ile karatasi kama daktari anayesoma eksirei.

Mara ya kwanza karatasi ilitoka nyeusi kama sufuria ya matanga.

Nilicheka. Moshi wa buluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Hiyo hata mtoto anajua. Nikang'oa kopo la eya klina, lile lenye chujio la hewa ndani, zima zima, nikaliweka kando, nikaosha kabureta, nikahakikisha choki haijakwama, nikatia plagi mpya. Nikawasha. Moshi hakuna! Nikarudisha kila kitu, nikaenda Homa Bay kifua mbele.

Karatasi nyeusi.

Nikarudi Migori, nikafungua tena. Hapa gari linapumua kama mtoto mchanga. Nikamwambia Min Atieno kwamba hewa ya Homa Bay ni nzito kwa sababu ya ziwa. Nikailaumu petroli. Karibu nimlaumu inspekta kwa kununua karatasi chafu.

Jana akaniambia kwa sauti ndogo kuna mtu wa Kendu Bay anaitaka hiyo pikapu, na huenda amwachie tu. Gari lenyewe aliachiwa na marehemu mumewe.

Leo, mara ya tatu, karatasi ikatoka nyeusi tena. Nilikuwa nimeanza kumweleza inspekta jinsi magari ya Kampala yanavyopumua, Min Atieno akanivuta shati.

"Fundi, na lile blanketi ulitoa?"

"Blanketi gani?"

"Si lile ulinifundisha wakati wa kiangazi? La kufunga chujio ya hewa, vumbi ya Sori isiingie. Nilikuwa nalikung'uta kila Jumapili, lakini tangu mvua ianze sijaligusa."

Yawa!

Tulifungua kopo. Vumbi la kiangazi kizima lilikuwa limekunywa mvua, blanketi limekuwa tofali. Gari lilikuwa linavuta hewa kupitia ukuta wa nyumba! Na kule gereji nilikuwa nalijaribu kopo likiwa chini, kwa hiyo kila mara lilipumua vizuri. Siku zote hizo nilikuwa nalirudisha lile kopo kwa mikono yangu, bila kulifungua.

"Nani amefanya ujinga huu?" inspekta akauliza.

Min Atieno akainamisha kichwa. Alikuwa tayari kuubeba yeye! Hapo mdomo wangu, huu unaodanganya bila hata kuombwa, ukasema kweli.

"Ni mimi, mkubwa. Ilikuwa uvumbuzi wangu."

Inspekta alicheka mpaka akashika boneti. "Na huko Kampala wanavisha pia suruali?"

Tukatia chujio jipya. Nikakanyaga mafuta mpaka mguu ukauma. Karatasi ikabaki nyeupe, nyeupe kabisa, ungeweza kuandikia barua ya posa. Min Atieno alipiga kigelegele mpaka askari wa geti akatoka kuangalia ni nani ameolewa. Tuliporudi, kutoka Homa Bay hadi Rongo alikuwa ananiita "fundi wa dunia nzima", kisha anaanza kucheka upya. Nilimwacha acheke. Jana hakuwa anacheka.

Nimeandika haya ili nisisahau: nilitafuta ugonjwa kila mahali isipokuwa pale nilipokuwa nimeweka dawa yangu.

Shida ni kwamba uvumbuzi ule niliutangaza sana kiangazi chote. Niligawa bure, kwa moyo safi. Kuna mablanketi sita bado yanazunguka kati ya Sori na Rongo, na moja liko kwa pasta wetu. Sabato iliyopita nilimwambia moshi wa gari lake ni uzee tu, avumilie.

Kesho naanza na yeye. Sasa nimwambie kabla hajaniombea, au baada?